Aliyeingia Kinyumenyume

Inspekta Nerea alipomwambia Swafwan ageuke, ndipo alipoliona jeraha. Lilikuwa kisogoni, na damu imegandamana na nywele.

"Hili umepigwa na nani?"

"Hilo sikupigwa, afande. Nilijigonga."

"Wapi?"

"Ndani ya pango."

Konstebo Kiprotich, aliyesimama mlangoni pa seli na kikombe cha chai, alichekea puani. "Jana ulipigwa na vijana wa mtaa wa Mkomani. Leo umejigonga. Kesho utatuambia umeumwa na zimwi."

"Walinipiga, naam," Swafwan alijibu. "Walinipiga mbavuni na hapa shavuni. La kisogoni ni langu mwenyewe. Sitawasingizia."

Nerea akavuta kiti, akaketi. Mtu anayekataa kuwaongezea makosa waliompiga anastahili kusikilizwa mara ya pili.

Swafwan alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa Mtangawanda kisiwani Pate, mwanamume wa makamo. Msimu huu wa Idi aliajiriwa na Philip Mwadime, Mtaita aliyeleta michezo yake hadi Amu, yaani mji wa Lamu: pembea za kuzunguka, vikombe vya watoto, na ule mchezo uliowatia watu wazimu, Pango la Zimwi. Vipande vyake vilivushwa kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa boti la mizigo, punda wakavibeba hadi kiwanja kilicho nyuma ya mtaa wa Langoni, na huko vikaunganishwa vikawa handaki la mabati na turubai jeusi. Ndani mna reli, na juu ya reli kigari-moshi cha mabehewa matatu. Kazi ya Swafwan ilikuwa kukaa nje mlangoni na kuendesha mota.

Jana baada ya sala ya Alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Wanaume waliondolewa kiwanjani, akabaki Swafwan kwenye mota, simu zikakusanywa kikapuni, na humo ndani, kwa kuwa ni giza na wako wao kwa wao, wanawake wakavua ninja za uso na kushusha mitandio. Kisha, katikati ya giza, mwanga wa kupigia picha ukawaka. Na katika behewa la mbele, kichwa wazi, alikuwamo Mardhiya, ambaye nikaha yake ilikuwa kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Watu wa bwana arusi hawakupiga kelele. Walisema neno moja tu: picha ipatikane, ifutwe mbele ya mashahidi, ama nikaha isubiri. Na katika mji kama Amu, nikaha iliyosubiri kwa sababu kama hiyo huweza kusubiri milele. Mkuu wa kituo naye alikuwa na lake: Swafwan afikishwe mahakamani kesho asubuhi.

"Anza tangu mwanga ulipowaka," Nerea alisema.

"Ulipowaka nikasimamisha gari. Ndiyo sheria ya Bwana Philip. Mtu akiwashiwa mwanga machoni gizani hupofuka kidogo, akainuka, akatoa mikono nje, na handaki ni jembamba. Kwa hiyo mwanga ukiwaka, gari linasimama, aliyepiga picha anatolewa."

"Kisha?"

"Swichi ya taa iko ndani, kwenye kona ya kwanza. Ikabidi niingie."

"Na simu mfukoni."

"Na simu mfukoni. Mmeipekua, picha hamkuiona."

"Ukawaona wanawake."

"Sikuwaona."

"Unaingiaje katikati ya wanawake wasiojistiri usiwaone?"

Swafwan akatazama sakafu. "Niliingia kinyumenyume."

Chai ya Kiprotich ilimwendea njia mbaya. Akakohoa hadi akatokwa machozi.

"Nilikuwa nikisema hodi, hodi, jistirini, sitazami," Swafwan aliendelea. "Lakini walikuwa wakipiga mayowe, hakuna aliyenisikia. Nikapapasa ukuta, nikawasha taa, nikatoka vile nilivyo, mgongo kwao."

Nerea alikumbuka maelezo yaliyoandikwa jana. Wanawake wote walisema jambo lile lile: waliona mgongo wa mwanamume, ameficha uso wake. Hilo ndilo lililomtia Swafwan hatiani machoni pao.

"Afande, mimi nikifungwa nimefungwa," Swafwan alisema. "Lakini nina binti wawili. Nani atakuja kuwaposa, ikiwa baba yao ndiye aliyewachungulia wake za watu?"

"Kama ulijigonga," Nerea alisema akisimama, "basi kuna mahali palipogongwa. Tutapauliza."

*

Mlangoni pa pango palitundikwa ubao mkubwa: PICHA ZA MWANGA NI MARUFUKU. USITOE MKONO NJE. USIMPIGE ZIMWI.

"Hilo la tatu tuliliongeza baada ya kufika hapa," alieleza Philip Mwadime, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Muulize Quinter."

Mwanamke huyo, Quinter, ndiye aliyekuwa zimwi. Alikuwa ameketi juu ya kreti, kinyago kikiwa magotini, anakipiga brashi. "Juzi mzee mmoja alinicharaza bakora huku akinisomea Ayatul Kursi," alisema. "Nikamwambia, mzee, mimi ni Quinter, natoka Homa Bay. Akazidi."

Philip hakucheka. "Afande, Bwana Jeilani, kakake bibi arusi, alisimama hapo ulipo. Kaniambia nivunje vitu vyangu niondoke kabla ya Ijumaa, ama atanisaidia kuvivunja."

"Nionyeshe mota inavyoendeshwa."

Philip akamwonyesha mkono wa chuma wenye springi. Ukiushikilia chini, gari linakwenda. Ukiuachia, linasimama hapo hapo.

"Unaweza kuufunga kwa kamba?"

"Jaribu."

Nerea akajaribu kwa kamba, kisha kwa mkanda wa Kiprotich. Springi ilivitema vyote. Akauliza, "Mwanga ulipowaka jana, gari lilikuwa likienda?"

"Likienda," Quinter alijibu. "Ndiyo kwanza lilikuwa likinijia."

"Basi Swafwan alikuwa hapa, ameushika mkono huu. Mbona hukusema jana?"

Philip alikunja uso. "Nani aliyeniuliza? Walikuja watu arubaini, wote wanajua tayari."

Wakaingia ndani na tochi. Kabla ya kona ya kwanza palikuwa na boriti ya mkoko iliyopita chini kiasi cha kumlazimu mtu mrefu kuinama. Kiprotich aliinua tochi. Juu ya boriti kulikuwa na doa jeusi la damu na unywele mfupi mmoja umenasa.

"Upande gani?" Nerea aliuliza.

"Huu unaotazama mlangoni, afande."

"Na jeraha liko wapi?"

"Kisogoni."

"Haya. Niambie mtu anavyoweza kugonga kisogo upande huo."

Kiprotich aliingia uso mbele, boriti ikamkabili kipajini. Akatoka uso mbele, ikamkabili upande wa pili. Mwishowe, kwa shingo upande, aligeuka akaanza kuingia kwa mgongo, mikono ikipapasa hewa. Kisogo chake kikagusa penye doa.

"Huyu jamaa kweli aliingia kinyumenyume," alisema polepole. "Aisee! Mimi ningeingia tu."

"Ndiyo sababu wewe hukuajiriwa zamu ya wanawake." Nerea akauchomoa unywele kwa kibano, akautia bahashani. "Sasa tuna ya kutosha kumtoa seli. Lakini hayatoshi kumtoa midomoni mwa watu. Hao hawataki mota wala boriti. Wanataka picha."

Wakaendelea hadi kona ya pili. Hapo ndipo zimwi husimama, kando ya kioo kikubwa kilichoinamishwa, chini ya kitaa hafifu, ili abiria wajione wenyewe na zimwi limewainamia. Juu ya kioo ilifungwa kamera.

"Mnapiga picha humu?" Nerea aliuliza. "Na ubao mnaandika marufuku?"

"Marufuku kwa abiria," Philip alisema. "Sisi tunampiga mtu picha moja kwenye kona hii, kwa mwanga mwekundu usioumiza macho. Akitaka anainunua nje. Lakini zamu ya wanawake hatupigi. Hayo ni mapatano yangu na Bi Ghada, mama mdogo wa bibi arusi. Ndiye aliyeniomba niweke zamu hiyo, na ndiye aliyekusanya simu."

"Wanawake wote waliokuwamo wanasema mwanga ulitoka mbele, juu. Yaani hapa."

"Kamera niliivika gunia mwenyewe," Quinter alisema, "na betri nikatoa."

Gunia lilikuwa bado mahali pake, limefungwa kwa kamba, limeshika vumbi la tangu jana. Nerea alilifungua, akatoa kadi ya kumbukumbu, akaitazama kwenye kompyuta ya Philip. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Picha ya mwisho ilipigwa jana asubuhi, zamu ya wanaume, na ilimwonyesha mwanamume mrefu mwenye sare ya polisi, macho kafumba, mdomo wazi kama pango lenyewe, mikono miwili imemkumbatia mzee asiyemjua.

"Afande," Kiprotich alisema, "hiyo naomba ifutwe."

"Mbele ya mashahidi?"

Quinter alicheka hadi akakiangusha kinyago. Nerea alimgeukia yeye. "Na wewe simu yako?"

"Kikapuni kama za wengine. Halafu tazama." Akavaa glovu za mpira zenye makucha marefu. "Ukiwa na haya utabonyeza nini?"

Nerea alisimama mbele ya kioo, akajitazama, akatazama reli. Kisha akasema, "Kiprotich, kaa behewa la mbele. Bwana Philip, endesha kama kawaida. Nataka giza."

Gari likaondoka, likapita boriti, likakata kona. Mwanga mweupe ukapasuka.

"Mbele!" Kiprotich alipiga kelele. "Juu, hapo penye kamera! Nimeona kwa macho yangu!"

Taa zikawashwa. Kiprotich aligeuka akifikicha macho. Nerea alikuwa ameketi behewa la mwisho nyuma yake, simu mkononi.

"Kioo," Konstebo alisema.

"Kioo. Waliokuwa mbele hawakudanganya. Waliona mwanga ukiwajia usoni, wakadhani aliyeupiga yuko mbele yao. Quinter, behewa hili la nyuma alikaa nani?"

Quinter aliacha kucheka. "Bi Ghada. Alikaa peke yake."

*

Nyumba ya akina Mardhiya ilikuwa Mkomani, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane ukutani. Jeilani alikuwa ameketi barazani. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na macho yasiyolala.

"Bi Inspekta, umetuletea picha au umetuletea maneno?"

"Nimeleta masikio, Bwana Jeilani. Nataka kuzungumza na wanawake."

"Wamezungumza yana, yakaandikwa. Mwizi unaye."

"Mtu ninaye. Mwizi bado."

Jeilani alimtazama, kisha akapisha. "Karibu. Wewe tu. Huyu askari wako abaki nde."

"Hata mimi nilitaka kupumzika," Kiprotich alisema, akajitafutia nafasi barazani.

Ndani, juu, walikuwamo wanawake wanne. Mardhiya aliketi juu ya mkeka, miguu na mikono ameinyoosha ili hina ikauke, macho yamevimba. Rafiki yake Sumeiya, aliyepanda naye behewa la mbele, alikuwa akimpepea. Karibu na dirisha aliketi Bi Barka, mamake bwana arusi, mkavu na mnyoofu, kama mtu aliyekuja kungoja jibu wala si kahawa. Bi Ghada ndiye aliyeshika buli. Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa Bi Barka, na hakumwaga hata tone.

"Karibu, mwanangu, unywe," alimwambia Nerea.

"Ahsante, Bi Ghada. Mardhiya, nani aliyeamua mwende pangoni?"

"Mama mdogo. Mimi sikutaka, bibi arusi hatoki. Akasema, jifunike, twende, huwezi kuingia nyumba ya watu na uso uliosahau kucheka."

"Ulisahau?"

"Tangu mama afe." Alisema bila kulia, kama kitu kilichokwisha kusemwa mara nyingi. Mamake, Ummu, alizikwa mwaka uliopita, mwezi kama huu.

"Na pangoni ulicheka?"

"Niliteka, wallahi, hata mbavu zikaniuma."

"Zimwi lilipiga chafya!" Sumeiya alidakia. "Lilitoka pale na makucha yake, uuuh, kisha tya! Likasema samahani!"

Hata Bi Barka aliuma mdomo asicheke.

"Mwanga ukawaka wakati huo."

"Wakati huo huo," Mardhiya alisema. "Nilifumba mato. Kabla sijafumbua, mama mdogo kanitupia leso kitwani, kanifunika."

"Kabla gari halijasimama?"

"Kabla. Hakuna aliyewahi kama yeye. Sisi sote tulikuwa tukipapasa tu."

Nerea alikunywa funda moja la kahawa. "Leso gani?"

"Ile pale," Sumeiya alisema akionyesha. Kwenye kona kulikuwa na kikapu cha ukili, juu yake leso ya korosho nyekundu. "Ile aliyofungia ki..."

Upepeo wa Sumeiya ukasimama hewani.

"Aliyofungia kikapu," Nerea alimmalizia. "Jana kila mtu aliniambia simu zilikuwa kikapuni. Niliandika hivyo, kikapuni, kikapuni, wala sikuuliza. Kikapu kilikuwa wapi?"

"Mama mdogo alikipakata," Mardhiya alisema. "Hakutaka kukiacha pale mlangoni kwa wanaume."

"Bi Ghada, nisaidie kidogo. Kifunge kikapu hicho kama ulivyokifunga jana."

Ghada aliweka buli chini. Akavuta kikapu, akakunja leso, akaizungusha, akapiga fundo, akalivuta, akapiga la pili juu yake. Nerea alimsukumia Sumeiya kikapu. Msichana alihangaika na mafundo kwa kucha, kisha kwa meno, akaguna, na ilipofunguka mwishowe kahawa ya Nerea ilikuwa imepoa.

"Hapa ni mchana, na Sumeiya haogopi," Nerea alisema. "Jana ilikuwa giza. Mwanga uliwaka, na papo hapo leso ikaruka ikamfunika Mardhiya. Haikufunguliwa baada ya mwanga, Bi Ghada. Nafasi haikuwapo. Ilikuwa mkononi mwako tayari."

Bi Barka aligeuka taratibu kutoka dirishani.

"Ulimhurumia upesi kuliko wote," Nerea alisema, "kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyejua mwanga umetoka wapi."

Uchochoroni chini, Kiprotich alikuwa akimweleza Jeilani habari ndefu ya ng'ombe wa kwao.

"Sikujua utatoka mwanga," Ghada alisema. "Nilidhani gizani simu itapiga giza giza vile vile, nione kidogo tu. Ikajiwakia yenyewe."

"Mama mdogo?" Mardhiya alisema. "Wewe?"

"Ulikuwa ukiteka tangu kona ya kwanza, Mardhiya. Nilikuona kwenye kioo." Aliinua mkono, akauacha uanguke. "Mamako hakupenda picha. Alipigwa moja maishani mwake, ya kitambulisho, na kitambulisho serikali ilikitukua alipokufa. Nyumba nzima hii haina uso wake. Mimi nikitaka kumkumbuka ndugu yangu, kinachonijia ni kile kitanda cha hospitali, na mdomo ule umekauka. Yana nikamwona kwenye kioo, mzima, anateka, mwanya wote nde. Nikafungua kikapu."

Machozi ya Mardhiya yalikuwa yakishuka. Hakuyafuta, kwa ajili ya hina.

"Na Swafwan?" Nerea aliuliza. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Nilidhani watamwatilia jioni. Hana picha, watamwatilia."

"Hawakumwachilia. Wamempiga."

"Nilisikia." Ghada aliangalia mikono yake. "Kisha wakasema ifutwe mbele ya mashahidi. Kila nikitaka kusema, nasikia neno hilo. Ifutwe. Nimemzika mara moja, Bi Inspekta."

"Yule ana binti wawili. Hao nao utawaambia nini?"

Ghada alitia mkono ndani ya buibui, akatoa simu, akaiweka juu ya mkeka katikati yao, kama mtu awekaye mzigo wa mwenziwe.

Bi Barka ndiye aliyenyoosha mkono. "Lete. Mimi ndimi shahidi."

Nerea aliitafuta picha, akampa. Mwanamke yule aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nerea alikuwa ameiona alipompa: kioo kimeurudisha mwanga, na duara jeupe limemeza kila kitu, mapaji, macho, nywele, Sumeiya mzima. Chini ya duara, ukingoni, kilibaki kitu kimoja tu. Mdomo na kidevu. Mdomo unacheka, meno ya mbele yana mwanya.

Bi Barka alitazama kwa muda mrefu. Alipozungumza, sauti ilikuwa nyingine.

"Tulisoma chuo kimoja cha Kurani mimi na Ummu. Alikuwa akinitekesha mwalimu akitupa kisogo, nikipigwa mimi." Akampa Ghada simu mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake. "Niliambiwa nifute picha ya mkwe wangu. Mkwe wangu simwoni humu. Humu yumo Ummu. Hakuna aliyenituma kumfuta Ummu."

"Bi Barka..." Ghada alianza.

"Nyamaza. Wewe nina maneno nawe, tena makali, baada ya arusi. Mardhiya, pangusa mato. Nikaha ni kesho."

Nerea alisubiri Sumeiya amalize kumkumbatia rafiki yake. Kisha akasimama.

"Lenu limekwisha," alisema. "Langu bado. Swafwan aliingia mle pangoni kinyumenyume ili asiwaone. Boriti ilimpasua kisogo. Mgongo mliouona ulikuwa heshima, nanyi mkauandika kuwa hatia. Kumfungulia mlango wa seli naweza peke yangu. Jina lake, siwezi."

Ghada alikuwa tayari akijifunga buibui. "Nionyeshe ndia," alisema. "Hapana, naijua."

Barazani Jeilani aliinuka alipowaona. Ghada hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Mwanangu, uliyempiga hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Picha niliipiga mimi."

Jeilani alimtazama Nerea, kama anayeomba aambiwe ni mzaha. Nerea alimweleza kwa ufupi mota, boriti, kioo na leso, kila jambo mahali pake. Alipofika kwenye boriti, Jeilani alishika kisogo chake mwenyewe bila kujua.

"Kinyumenyume?" alisema.

"Akipiga hodi."

"Subhanallah." Aliketi tena, akasema, "Nitamwomba radhi. Nitakwenda kwake Pate, nimwombe radhi mbele ya watu wake."

"Pate utakwenda," Nerea alisema. "Lakini jana mlimpitisha barabara ya pwani kutoka kiwanjani hadi kituoni, mchana, mkiwa arubaini. Walioona hawako Pate. Wako hapa. Mrudisheni njia ile ile, na watu wale wale."

*

Adhuhuri ilipokwisha saliwa, watu walijaa mbele ya kituo. Hawakuwa arubaini kamili, lakini walitosha. Swafwan alitolewa, akarudishiwa mkanda, simu na kofia. Ghada alisimama mbele yake, akasema aliyokuja kusema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Swafwan alimsikiliza akiwa ameinamisha macho, kama afanyavyo kwa mwanamke yeyote.

"Nimesamehe, mama," alisema. Kisha akamgeukia Nerea. "Na ile picha, afande? Mtoto wa watu. Ilifutwa?"

"Haikuwa na uso wa mtu aliye hai," Nerea alijibu.

Swafwan akaitikia kwa kichwa, akaridhika na jibu hilo.

Jeilani alikuja akashika mkono wake wa kulia, hakuuachia. Wakashuka ngazi. Barabara ya pwani ilikuwa na watu wake wa kila siku, wauza samosa, wenye punda, wazee wakitoka msikitini, na wote waligeuka kutazama. Swafwan aliivaa kofia juu ya jeraha. Safari hii alitembea uso mbele.